Inhela Mbili kwenye Pochi Moja

Baada ya kipindi chetu cha pumu nilijiandaa kwa maswali ya pumu. Wapi! Meseji nyingi zilikuwa juu ya kile kichupa cha kunusa, kile cha plastiki, saizi ya rangi ya mdomo, ambacho karibu kila mama wa Kiswahili ninayemjua hapa Uingereza anacho kwenye pochi, baina ya tasbihi na funguo za nyumba. Msikilizaji mmoja wa Minneapolis aliuliza hivi: mbona hiki kinaitwa inhela, na pampu ya pumu nayo inaitwa inhela, na mama yake haoni tofauti? Nani alivichanganya?

Mwenzangu akanitupia swali mimi, kwa kuwa ndiye mwenye ugonjwa wa historia hapa. Kwenye kipindi tulikuwa na dakika nne tu. Hapa nafasi ipo, basi tukae.

Tuanze na jina. Mwaka 1778 tabibu mmoja wa Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza, anaitwa John Mudge, alitoa kitabu kuhusu tiba ya kikohozi. Alichukua kikombe kikubwa cha madini, kile cha kunywea bia chenye kifuniko, akautoboa mpini wake, akachomeka mpira wa kuvutia kwenye kifuniko. Unatia maji ya moto, unavuta kwa mdomo, hewa inaingia kupitia mpini, inapita kwenye maji, inakufikia ikiwa na mvuke. Kikombe hicho akakiita inhaler. Kwa hiyo inhela ya kwanza kuitwa hivyo haikuwa na mafuta ya Vicks wala dawa ya pumu. Ilikuwa kikombe cha bia.

Na sisi tulikuwa na yetu bila jina la Kizungu. Sufuria ya maji yanayochemka, majani ya mkaratusi au mchaichai, blanketi juu ya kichwa, na bibi kasimama pembeni anakwambia usitoke bado. Wakati wa korona mnakumbuka, Tanzania watu walipiga nyungu kweli kweli, Rais Magufuli mwenyewe aliisifia, na sisi huku tukagombana kwenye magrupu ya familia usiku kucha. Sitaki kurudi huko. Nataka tu mwone kwamba Mudge na bibi walikuwa wanafanya kitu kimoja: maji ya moto, harufu, na subira. Na hatari yao ilikuwa moja pia, yaani maji ya moto kumwagikia mtoto mapajani.

Hayo majani ya mkaratusi lakini, yana safari yake. Mti si wetu. Ni wa Australia. Huko mwaka 1852 mfamasia Joseph Bosisto, mzaliwa wa London aliyehamia Victoria, alianza kukamua mafuta ya majani yake kwa mvuke na kuyauza. Rafiki yake Ferdinand von Mueller, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Victoria, ndiye aliyemsukuma. Baada ya hapo mti ukasafiri kuliko binadamu. Kenya ulipandwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupata kuni za treni za Reli ya Uganda, kwa sababu unakua haraka. Ndiyo hivyo: ile harufu ambayo wazee wetu wanaiita harufu ya nyumbani, ya kijijini, ya asili, ilikuja Afrika Mashariki kwa ajili ya kulisha injini.

Kafuri ndiyo ngeni ya zamani zaidi. Imetajwa kwenye Qur'ani, Sura ya Al-Insan, na mwambao umeijua kwa karne nyingi kupitia biashara ya Bahari ya Hindi. Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, mkafuri ulikuwa kati ya miti waliyoijaribu pale. Lakini kwa Waislamu wa kwetu kafuri ina kazi nyingine: inatiwa kwenye maji ya mwisho ya kumwosha maiti. Ndiyo maana kuna wazee, na mimi ninao wawili kwenye ukoo, ambao hawataki kabisa kupakwa Vicks kifuani. Si ukaidi. Wananusa msiba.

Kilichobadilisha mambo ni mentholi. Ni ile fuwele nyeupe inayopatikana ukiyapoza mafuta ya mnanaa wa Kijapani. Ina tabia moja muhimu kwa hadithi yetu: haihitaji maji ya moto. Inaruka yenyewe hewani kwenye joto la kawaida la chumba. Kwa hiyo kikombe cha Mudge kikawa hakina kazi. Miaka ya 1880 Marekani zilianza kuuzwa bomba ndogo za kioo zenye fuwele za mentholi ndani na tundu la kuingiza puani. Unaweka mfukoni, unapanda treni, unanusa. Biashara ikakua mpaka kabla ya Vita vya Pili mji mmoja wa kaskazini ya Japani, Kitami, ukawa unatoa karibu asilimia 70 ya mentholi ya dunia. Siku hizi mnanaa mwingi wa kazi hiyo unalimwa India, Uttar Pradesh.

Sasa nawaombeni mvumilie, kwa sababu hapa ndipo ninapopapenda.

Kuanzia 1889 mafua makali yalizunguka dunia. London yalirudi mara kadhaa, na Januari 1892 yalimwua Prince Albert Victor, mjukuu wa Malkia Victoria. Watu walikuwa na hofu, na penye hofu pana muuzaji. Kampuni moja ya London ilikuwa ikiuza kitu kinaitwa Carbolic Smoke Ball, mpira wa kubonyeza uliojaa unga wa asidi ya kaboliki, una bomba lake. Unaingiza bomba puani, unabonyeza, unga unapanda kama moshi. Pua inatiririka, macho yanatoka machozi, unaona kweli dawa inafanya kazi! Bei shilingi 10, na kujaza tena shilingi 5. Novemba 1891 wakatangaza gazetini: yeyote atakayetumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama maelekezo yanavyosema, halafu apate mafua, atalipwa pauni 100. Na kuonyesha hawatanii, wakasema wameweka pauni 1,000 benki.

Bibi Louisa Carlill akanunua. Akanusa kila siku, mara tatu, bila kuruka. Tarehe 17 Januari 1892, siku tatu baada ya mwana wa mfalme kufa, naye akalala na mafua. Mumewe alikuwa amesomea uwakili. Kampuni iliwapata watu wasio sahihi.

Kampuni ilijitetea kwamba lile tangazo lilikuwa maneno tu ya biashara. Mahakama ya Rufaa Desemba 1892 ikasema hapana, ulitoa ahadi kwa dunia nzima, mtu akaifuata, mlipe. Ukimkuta mwanasheria yeyote aliyesoma Dar, Nairobi au Kampala, mtajie Carlill uone atakavyotabasamu. Ni kesi ya mwanzo kabisa kwenye somo la mikataba. Wengi wao wanaijua ahadi, lakini hawajawahi kujiuliza ule mpira ulikuwa nini. Ulikuwa shangazi wa kile kichupa cha mama yako. Na mwaka 1893 kampuni ikatangaza tena, safari hii zawadi pauni 200, ila masharti yake yameandikwa kwa herufi ndogo ndogo. Bibi Carlill mwenyewe aliishi hadi 1942, akafa na miaka 96.

Somo la hapo kwangu ni lile tiririko la pua. Mtu akihisi kitu kikali kinapita puani anaamini kinatibu. Hisia ndiyo ilikuwa inauzwa.

Vicks ilipita njia hiyohiyo lakini kwa uungwana zaidi. Mfamasia Lunsford Richardson wa Greensboro, North Carolina, alichanganya mentholi, kafuri na mafuta ya mkaratusi kwenye mafuta mazito ya kupaka miaka ya 1890, akalipa jina la shemeji yake daktari, Joshua Vick. Homa kubwa ya 1918 ilipokuja, mauzo yakaruka ndani ya mwaka mmoja kutoka dola 900,000 hadi dola milioni 2.9, na kiwanda kilifanya kazi usiku na mchana. Richardson mwenyewe akafa 1919, kwa nimonia. Naliacha kama lilivyo.

Njia ikagawanyika miaka ya 1930. Kampuni ya Smith, Kline & French ya Marekani ikatoa kichupa cha kunusa chenye amfetamini, jina lake Benzedrine. Hiki kilikuwa tofauti na vyote nilivyotaja, kwa sababu dawa ile inabana mishipa ya damu ndani ya pua, uvimbe unashuka, pua inafunguka kweli. Pia inakukesha. Haikuchukua muda watu wakagundua kwamba ukivunja kichupa ndani mna karatasi iliyolowa dawa, ukaitia kwenye kahawa. Wanamuziki wa jazi, wanafunzi, wafungwa. Mwisho kikaondolewa sokoni. Lakini Marekani wazo la kutia dawa ya kubana mishipa kwenye kichupa cha kunusa lilibaki, na hapo ndipo msikilizaji wangu wa Minneapolis anapohusika moja kwa moja.

Vicks ya kunusa ya Uingereza ina mentholi, kafuri na mafuta ya msonobari wa Siberia. Ya Marekani, inayofanana nayo kwa sura, imekuwa na levomethamfetamini, ndugu mpole wa dawa ile mbaya unayoifikiria. Jina moja, umbo moja, kitu tofauti. Mwaka 2002 Alain Baxter, Mskoti anayeteleza kwenye theluji, alikuwa Salt Lake City kwenye Olimpiki. Pua imeziba, akanunua Vicks ya dukani kama aliyoizoea kwao. Akashinda medali ya shaba, ya kwanza kwa Uingereza kwenye mchezo ule. Siku chache baadaye vipimo vikaonyesha methamfetamini. Mahakama ya michezo ilikubali kwamba hakukusudia kudanganya. Medali haikurudi.

Basi nyinyi mnaopokea mabegi kutoka kwa ndugu wa Ohio na Minnesota, mnayafungua mezani na kugawana vichupa: someni nyuma. Hasa kama mzee wenu ana presha, kwa sababu kitu kinachobana mishipa ya damu si cha kumchezea mtu wa presha. Muscat na Dubai ni vichupa vya Thailand na India vimejaa madukani, vya rangi rangi, na navyo visomeni.

Pampu ya pumu imekuja mwisho kabisa. Mwaka 1955 binti wa miaka 13 mwenye pumu alimwuliza baba yake, George Maison, mkuu wa kampuni ya Riker huko Marekani, kwa nini dawa yake haiwezi kuwekwa kwenye kopo la kupulizia kama dawa ya nywele. Mwaka uliofuata pampu ikawa sokoni. Mwaka 1969 Uingereza ikapata salbutamoli, Ventolin, ile ya bluu. Dawa inafika ndani kabisa kwenye vijia vya mapafu na kulegeza misuli inayovibana. Nayo ikaitwa inhaler, jina la kikombe cha Mudge, kwa kuwa nayo unaivuta. Hilo ndilo jibu la swali: hakuna aliyevichanganya kwa makusudi. Jina lilikuwepo miaka karibu 180, likapewa kila kinachovutwa. Kiswahili chetu kilikuwa na akili zaidi kiliposema pampu, ila sisi tuliozaliwa huku tukalirudisha inhela.

Sasa kichupa cha kunusa kinafanya nini hasa? Mwaka 1983 watafiti akiwemo Ron Eccles wa Cardiff, Wales, waliwapa watu 31 wazima wanuse mvuke wa kafuri, mkaratusi au mentholi kwa dakika 5, huku wakipima hewa inavyopita puani. Kwenye vipimo, hakuna kilichobadilika. Njia ilikuwa na upana uleule. Lakini wengi wao walisema wanahisi baridi puani na hewa inapita vizuri zaidi. Mwaka 2002 maabara mbili za California, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, zikaonyesha sababu: kwenye mishipa ya fahamu kuna kipokezi cha baridi, na mentholi inakigusa kama baridi yenyewe inavyokigusa. Ubongo unaambiwa hewa baridi inaingia, nao unatulia. Wawili hao walipata Nobel mwaka 2021 kwa kazi yao ya kujua jinsi mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Mwaka uleule Abdulrazak Gurnah wetu alipata ya fasihi, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyeisikia hiyo nyingine.

Msinielewe vibaya, utulivu ule si uongo. Mtu mwenye mafua ambaye hawezi kulala, akinusa akalala, amesaidika. Mafua yataondoka yenyewe baada ya siku kadhaa na yeye kapumzika. Hospitali ya Christie ya Manchester imewapa wagonjwa wa saratani vijiti vya kunusa vyenye mafuta ya mimea, kwa ajili ya wasiwasi, kichefuchefu na usingizi. Hawakusema wanatibu saratani. Walisema mtu apate nafuu kidogo ambayo anaishika mwenyewe mkononi. Naipenda sana hiyo.

Tatizo linaanza pale king'ora kinapozimwa na moto bado unawaka. Shangazi yangu ana pumu tangu usichana wake Chake Chake. Kuna usiku wa baridi, Leicester, tulimkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, ananusa kichupa kila baada ya dakika mbili. "Nafuu... nafuu ipo," anasema, na kati ya neno na neno anavuta pumzi. Puani kulikuwa kweupe kabisa, mashaallah. Kifua ndicho kilichofunga. Wa ambulensi walipofika walimpa dawa ya bluu kwa barakoa, baada ya nusu saa akaweza kutukana, tukajua amepona. Pampu yake ilikuwa kwenye pochi ileile, mpya, haijafunguliwa. Alisema ile inampa mapigo ya moyo, lakini hii anaihisi inafanya kazi. Anaihisi. Bibi Carlill naye alihisi.

Kwa hiyo ishara ya kuangalia haipo puani. Mtu mwenye pumu akishindwa kumaliza sentensi, au kifua kinapiga mluzi, au midomo inabadilika rangi, ni pampu ya bluu na simu ya dharura, na kichupa kirudi kwenye pochi. Kuna wengine wenye pumu ambao harufu kali yenyewe ndiyo inawabana, hao wasikiguse kabisa. Na watoto wachanga wasipakwe wala kunusishwa mentholi na kafuri karibu na pua, pumzi zao zinaweza kushtuka na kukatika. Kafuri mtoto akiila ni sumu.

Wale wa kujitengenezea, najua mpo, kwa sababu mlinitumia picha. Siku hizi vichupa vitupu vinauzwa, ndani kuna utambi wa pamba, unadondoshea matone 15 hivi ya mafuta unayoyataka, unafunga. Mkaratusi na mnanaa ni kawaida, wengine wanaongeza mchaichai, na mwenye asili ya Dhofar lazima ataleta ubani. Sawa. Ila dada mmoja wa Milton Keynes aliuliza kama atie mafuta ya makonyo aliyoletewa kutoka Pemba, yale yanayokamuliwa pale kiwanda cha Wawi. Naelewa kabisa hamu hiyo. Kila kitu kwenye kichupa hiki ni cha watu wengine, mnanaa wa Japani, kafuri ya Mashariki ya Mbali, mkaratusi wa Australia, na sisi wenye karafuu hatumo! Lakini mafuta ya makonyo sehemu yake kubwa ni eugenoli, ndiyo ile inayotia ganzi jino, na ni kali sana kwa ngozi laini ya ndani ya pua. Tone moja kwenye leso, mbali na uso, linatosha kukumbuka nyumbani. Kwenye utambi wa kuchomeka puani, mimi nisingetia.

Shangazi sasa ana pochi yenye mifuko miwili. Wa zipu ni wa ile ya bluu. Kichupa kinakaa na tasbihi.

Nawaomba jambo moja kabla ya kipindi kijacho: geuzeni vichupa vyenu, pigeni picha ya maandishi ya nyuma, mtutumie na jina la mji mlikokinunua. Nina vya Leicester na Muscat. Nataka cha Toronto, cha Mombasa, na kama kuna mtu bibi yake aliacha kile cha zamani cha kioo, huyo aniandikie leo.